Nepi za Meneja

Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini dobi wetu alijifulia. Alikuwa mtu wa kuvaa shati lililonyooka hata akienda kumwaga takataka. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele, mlango ukitazama barabara, na chumba cha kulala kilikuwa nyuma, mlango ukitazama uani. Mlango wangu mimi ulitazamana na huo wa nyuma. Mimi ni fundi cherehani. Mimi wananiita Fundi, yeye wanamwita Dobi, na kwa muda wote tuliopanga nyumba moja sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Hata mkewe alimwita Dobi. "Dobi, njoo ule." "Dobi, leo umeniudhi." Ndivyo walivyopendana, na mimi niliyekuwa nalala peke yangu nilikuwa nikiwasikia wakicheka ng'ambo ya ua nikajiambia kwamba watu wengine wamezaliwa na bahati zao.

Kilichomletea wateja si kufua. Kufua kila mtu anajua. Ni jinsi alivyomalizia. Mashati aliyatia wanga kidogo kwenye kola, na nguo zote, ziwe suruali au shuka au gauni la harusi, zilipita mwisho kwenye beseni la dawa ya kulainisha, kisha pasi ya moto. Dawa yenyewe aliinunua kwa dumu, ya harufu ya mawaridi. Mkewe ndiye aliyeichagua. Alinusa vifuniko vyote dukani mpaka muuzaji akauliza kama amekuja kununua au kupiga chafya. Tangu hapo ukikutana na mtu aliyefuliwa na Dobi ulimjua kwa pua kabla ya kumjua kwa sura. Mimi harufu ile ilinikaa kooni, na nilimwambia. Akanijibu kwamba pua yangu imezoea mafuta ya cherehani, haina ustaarabu.

Mkewe aliposhika mimba, alikuja kwangu na furushi la kitambaa cha pamba, kile chenye manyoya laini upande mmoja.

"Fundi, nishonee nepi."

"Nepi za kitambaa? Leo hii? Wenzako wananunua pampasi, wanavalisha, wanatupa, maisha yanaendelea."

"Mume wangu dobi, halafu mimi ninunue kitu cha kutupa? Si nitachekwa mtaa mzima!"

"Utachoka."

"Nitachoka vizuri. Wewe shona, mama, acha maneno."

Basi nikashona. Alikaa kwenye kigoda changu, tumbo mbele, akinisimamia kama mkaguzi. Alitaka ziwe za mraba, kitambaa mara mbili, na kingo zikunjwe vizuri ili uzi usije ukajifunga kwenye kidole cha mguu cha mtoto. Kwenye kila pembe alitaka nipitishe uzi wa buluu, alama ya nyumbani, ili nepi zisichanganyike na nguo za wateja. Alinionyesha atakavyozikunja kwa pembetatu, atakavyobana pini, atakavyovalisha juu yake chupi ya nailoni isipitishe maji. Alijifunza wapi sijui. Alizungumza kama mtu aliyekwisha lea kumi.

Siku ya kujifungua alikwenda hospitali kwa miguu yake, akibeba begi lake mwenyewe, akinionya nisimalizie zile za mwisho mpaka arudi azikague. Mtoto alirudi. Yeye hakurudi. Nilizimalizia bila kukaguliwa, na sitaki kusema zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki mama mkwe wa Dobi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyenyooka, amepika kwenye jiko la shule maisha yake yote mpaka akastaafu, na alikuwa na ile sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya masufuria. Huyo marehemu alikuwa mwanawe wa pekee. Alimpakata mtoto, akasema maneno ambayo sote tulikuwa tunayangoja.

"Mwanangu, huyu nitaondoka naye."

Dobi alikuwa amekaa sakafuni. Hakuinua macho.

"Mama, niachie."

"Mwanamume peke yake na mtoto mchanga? Na kazi je? Kuzaa si kazi, mwanangu. Kazi ni kulea."

"Kazi yangu iko nyumbani. Nitamlaza kwenye tenga pembeni yangu, nitamwona kila dakika. Mama, nimebaki na nani? Niachie."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia hata makaburini. Yule mama akamtazama, akanitazama na mimi niliyekuwa mlangoni nikijifanya nafagia.

"Nitakuachia," alisema. "Nitakuja mwisho wa mwezi. Nikimkuta mzima, nitakaa kimya na nitakuwa nikija kusalimia tu. Nikimkuta ameharibika, baba, sitakuuliza. Nitamchukua. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mimi nilisikia kila neno, na ndiyo maana naweza kusema kwamba mapatano yalikuwa ya haki. Yule mama hakudanganya, na Dobi hakudanganywa. Ningependa pawe na mtu wa kumlaumu, ingekuwa nafuu.

Mtoto tukamwita Meneja, kwa sababu akilia kila mtu aliacha alichokuwa akifanya akakimbilia kwake, na akinyamaza hakuna aliyethubutu kuongea kwa sauti. Alilala kwenye tenga la nguo karibu na meza ya kupigia pasi. Alikunywa maziwa ya kopo kama mlevi. Wateja waliokuja kuchukua suruali walibaki wakimchungulia na kusahau chenji.

Nepi ya kwanza tulimvalisha pamoja, mimi na Dobi, na kati yetu wawili hakuna aliyekuwa amewahi kuvalisha. Dobi aliikunja pembetatu safi, mistari ya pasi imesimama wima, ungedhani ni kitambaa cha mezani cha hoteli. Tukamlaza Meneja juu yake. Tukakuta pembetatu iko juu chini. Tukaigeuza. Nilipoinama kubana pini, Meneja akamkojolea baba yake usoni, moja kwa moja, mpaka kwenye nyusi. Dobi alibaki amefumba macho, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Meneja ametia sahihi," nikasema.

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Alicheka mpaka ikawa si kicheko tena, nikaendelea kubana pini nikiwa nimegeuza uso ili apate nafasi yake.

Sasa nieleze alivyozifua, kwa maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Alikuwa na ndoo yenye kifuniko ya kutumbukiza nepi chafu. Asubuhi alizisuuza bombani, akazifua kwa sabuni ya mche, akazisuuza tena na tena mpaka maji yakatoka meupe. Mpaka hapo mwalimu yeyote wa kufua angempa alama zote. Kisha alizipitisha kwenye beseni la mawaridi. Zile nguo za wateja alizitilia kifuniko kimoja cha dawa, nepi alizitilia viwili. Nilimwuliza kwa nini.

"Mama yake aliipenda," alisema. "Nataka akue anaijua harufu ya nyumbani kwao."

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Baadaye alizianika juani, uzi wa buluu kwenye kila pembe, akazipiga pasi mpaka zikang'aa. Watu waliopita uani walisimama kuzitazama. Zilikuwa nepi nzuri kuliko nguo za kanisani za watu wengi, na laini kiasi kwamba ukiishika moja ilikuponyoka mkononi.

Wiki ya kwanza haikuwa imekwisha nilipoanza kuona kwamba Meneja kila unapomwinua kuna maji. Si unyevu, maji. Yalipita pembeni mwa mapaja, yalijaa ndani ya ile chupi ya nailoni, shuka la chini likaloa, tenga likaloa. Nepi yenyewe ukiigusa katikati ilikuwa kama haikuguswa. Tulisema mtoto huyu anakojoa sana. Jirani wa chumba cha tatu, mama wa watoto wengi, akasema ni maziwa ya kopo. Mwenye nyumba akasema ni baridi. Dobi akasema hambadilishi upesi vya kutosha, akaanza kumbadilisha kila alipogeuka. Na kadiri alivyombadilisha ndivyo alivyofua zaidi, na kadiri alivyofua zaidi ndivyo zilivyopita kwenye beseni lile zaidi.

Kisha ukaja upele. Ulianza mwekundu kidogo kwenye mikunjo ya mapaja, ukasambaa, ukawa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Mtoto mdogo kiasi kile, makalio yake yote yangetoshea kwenye kiganja changu, na yalikuwa mabichi. Akikojoa alipiga kelele ya mtu mzima. Dobi alimpeleka kliniki. Nesi alimpa dawa ya kupaka, akamwambia cha muhimu mtoto awe mkavu, na kwa sasa aache vitambaa, atumie pampasi mpaka apone.

Alinunua pakiti. Nilimwona akiingia nayo. Iliwekwa juu ya kabati na ikakaa pale na plastiki yake, haijafunguliwa. Siku ya pili yake nilimfuata chumbani kwa hasira.

"Dobi, nesi amesema nini?"

"Amesema awe mkavu."

"Na nini tena?"

Alikuwa anakunja nepi.

"Fungua ile pakiti, ndugu yangu. Mtoto anaungua."

"Fundi, mimi ni dobi. Kazi yangu nguo. Nikishindwa kumweka mwanangu kwenye kitambaa kikavu, mimi ni nani?"

"Hapa si mashindano!"

"Mama yake alizitaka hizi," alisema, na sauti yake ikakatika. "Alikaa kwako akazihesabia pembe. Hakuacha kitu kingine. Hakuacha hata picha ya kueleweka. Ameacha hizi. Nikizitupa kabatini, mwanangu atakuwa amepata nini kutoka kwa mama yake?"

Nilitaka kumwambia kwamba amepata pua yake na paji lake la uso, na kwamba maiti haidai. Badala yake nilirudi kwenye cherehani nikashona mshono uliokwenda upande, nikaufumua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini huyu hakuchelea mwana, alichelea mkewe aliyekwisha zikwa, na methali ya hilo sina.

Jioni ile alifungua pakiti. Nampa haki yake, aliifungua. Lakini usiku ukapita kwa pampasi, na asubuhi Meneja alipoonekana ana nafuu kidogo, Dobi akafurahi akarudi kwenye nepi zake, akazitia dawa zaidi ili ziwe laini zaidi zisimkwaruze. Alidhani ni ugumu wa kitambaa unaomuumiza. Dobi yeyote angedhani hivyo. Ngozi ikichubuka, lainisha nguo, ndivyo walivyofundishwa.

Mama mkwe alifika mwisho wa mwezi kama alivyosema. Alibisha hodi mlango wa nyuma, na mimi nilikuwa uani naanua, nikamkaribisha kwa sauti kubwa ili Dobi asikie. Hakukuwa na haja. Dobi alikuwa amesimama katikati ya chumba amevaa shati lake jeupe, Meneja mikononi, amemfunika kwa shuka lililonyooka.

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Nimepoa, baba. Nipe mjukuu wangu."

Alimpokea, akamnusa kichwani, akatabasamu. Akasema amekua. Akasema ana macho ya marehemu. Dobi alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno, ndiyo mama, ndiyo mama, na mimi nilikuwa naomba moyoni kwamba yule mtoto asikojoe. Naapa niliomba. Nikamwomba Mungu jambo dogo kuliko yote niliyowahi kumwomba, kwamba mtoto mchanga asikojoe kwa muda wa kunywa chai.

Akakojoa, akapiga ile kelele yake.

Yule mama hakuuliza kitu. Alimlaza kitandani, akabanua pini kwa vidole vilivyozoea, akafunua. Nilikuwa mlangoni, niliona mgongo wake tu, na niliuona mgongo ule ukiinama kama mtu aliyeongezewa mzigo.

"Mama," Dobi alisema, "nambadilisha kila saa. Muulize Fundi. Nazifua kwa mikono yangu. Tazama kamba ile nje, tazama zilivyo safi."

"Naona ni safi."

"Nimempeleka kliniki. Dawa hii hapa."

"Naona."

"Niongezee wiki moja tu."

Alimgeukia. Nilitegemea ukali, nikajiandaa kumjibu kwa niaba ya jirani yangu. Lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba, mimi nimezika mmoja juzi tu. Sina nguvu ya kuzika wawili. Tulielewana nini?"

Dobi alianza kufungasha. Nadhani kama angepiga kelele ningeweza kuvumilia, lakini alifungasha kama anavyofungasha nguo za mteja, kila kitu kimekunjwa, kola juu, akafunga kwa karatasi na uzi. Kopo la maziwa, dawa ya kupaka, vijishati. Nepi yule mama alikataa.

"Hizo ziache," alisema. "Nitamnunulia pampasi."

Na wakaondoka. Tenga likabaki karibu na meza ya pasi, na shuka lake dogo ndani.

Wiki zile zilizofuata Dobi alifanya kazi. Watu husema fulani alikata tamaa, wakidhani ni kulala kitandani na kugeukia ukuta. Yeye alipiga pasi. Alipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa. Wateja walikuja wakataniana naye kama kawaida, akawajibu kama kawaida, na wakitoka alibaki ameshika pasi hewani akisahau kuishusha. Nilimpelekea chakula, nikakichukua kama kilivyo. Niliwahi kumkuta amekaa kitako kando ya tenga, mkono wake umo ndani, hafanyi kitu.

Ni chai yangu iliyotufumbua macho. Nilikuwa nimemletea kikombe mezani, yeye akapitisha mkono bila kutazama, kikombe kikapinduka juu ya meza ya pasi ambako palikuwa na mashati ya mteja. Akadaka kitu cha karibu kufutia. Kilikuwa ni nepi, moja kati ya zile zilizokunjwa pale. Akaitupa juu ya chai na kuikandamiza.

Chai ikapita chini ya nepi ikatokea upande wa pili. Akaikandamiza tena. Ikakimbia tena, ikamwagika sakafuni, na nepi ikabaki juu ya meza, nyeupe vile vile, na matone mawili matatu ya chai yamekaa juu yake ya mviringo, kama umande juu ya jani la mgomba.

Dobi aliichukua ile nepi akaipeleka bombani. Akafungua maji kidogo. Maji yakaviringika juu ya kitambaa yakadondoka miguuni mwake. Akachukua kitambaa changu cha jikoni, kile kikuukuu, kichafu, ambacho hakijawahi kupita kwenye beseni lake, akakiweka chini ya bomba. Kikanywa mpaka kikazama.

Akanusa nepi. Akanitazama.

"Ni dawa," alisema. "Dawa imekaa kwenye nyuzi kama mafuta. Haiingizi maji. Fundi, nilikuwa namvalisha mwanangu turubai."

"Hukujua."

"Mimi ni dobi!"

Alipiga yowe lile neno mpaka mwenye nyumba akatoka. Nikamshika mkono, akauondoa. Alisema kwamba kila alipomwona mtoto ameungua aliongeza kile kile kilichokuwa kinamuunguza. Kwamba mtu yeyote asiyejua kufua, mtu yeyote mvivu wa kusuuza na kuanika tu, mwanawe angekuwa mkavu. Hilo lilikuwa kweli. Nilikaa naye pale bombani mpaka giza likaingia, kwa sababu sikujua pa kwenda nikamwacha.

Kesho yake aliweka sufuria kubwa motoni akachemsha nepi zote. Povu jepesi lenye utelezi likapanda juu, likinukia mawaridi ua mzima. Alimwaga, akachemsha tena. Akasuuza. Akachemsha tena. Nilimwona akifanya kazi ile siku nzima na ya pili yake, akinusa kila mara, na kila aliponusa harufu ilikuwa imepungua. Nilielewa jambo ambalo sikutaka kulielewa. Ile ilikuwa harufu ya mkewe, na alikuwa anaitoa kwa mikono yake mwenyewe, kwa sabuni na moto, mpaka iishe kabisa. Ilipoisha alizianika. Hakuzipiga pasi. Zilikauka ngumu kidogo, zimekunjamana, hazinukii chochote, na ukidondosha tone la maji linatoweka kabla hujalitazama.

"Twende," aliniambia. "Nitamweleza mama. Nitamwonyesha. Ni mtu mwelewa."

Nilifunga cherehani nikaenda naye. Alivaa shati lisilonyooka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na furushi la nepi alilipakata kifuani njia nzima. Garini alinieleza atakavyosema. Angemimina maji mbele yake, aone mwenyewe. Angesema kosa ni la dawa, si la kitambaa, wala si la kukosa kumjali. Uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau, na mimi mjinga nikaambukizwa, nikawaza hata pa kuweka tenga ili lipate jua la asubuhi.

Yule mama alitufungulia akiwa na Meneja begani. Jamani, mtoto alikuwa amenona. Mashavu yamejaa, miguu ina pingili. Alikuwa na pampasi na fulana tu, na ngozi ya mapaja yake ilikuwa safi kabisa, huwezi kujua kama iliwahi kuguswa.

Alitukaribisha kwa upole. Alimpa Dobi mtoto ampakate. Meneja alimtazama baba yake, akatazama huku na huku, uso ukakunjamana, akalia. Dobi akamtikisa kidogo, akamwimbia kiwimbo alichokuwa akimwimbia akipiga pasi, mtoto akiwa kwenye tenga. Mtoto akazidi. Bibi akanyoosha mikono, mtoto akaingia begani pake, akanyamaza papo hapo.

"Amenizoea," alisema bibi, kama anayeomba radhi.

Dobi akaeleza. Alieleza yote, wanga na dawa na chai, lakini alieleza haraka na kwa kuchanganya, na hakuomba maji ya kuonyeshea. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, baba," alisema. "Najua hukufanya kusudi. Hata siku ile nilijua. Lakini amepona. Analala. Mimi pia nimeanza kulala. Usiniombe nimtoe hapa alipotulia. Njoo umwone siku yoyote, hapa ni kwako."

Ingekuwa rahisi angetufukuza. Dobi alisema ndiyo mama. Akaliweka furushi juu ya kiti.

"Basi nimeziacha hizi," alisema. "Ni za mama yake. Sasa ziko sawa."

"Ahsante. Haziwezi kukosa kazi."

Alikwenda kutuletea maji ya kunywa, mtoto begani, trei mkono mmoja. Meneja alirusha mguu, bilauri ikapinduka, maji yakatanda sakafuni mpaka karibu na viatu vyetu. Yule mama akasema pole, akanyoosha mkono kwenye kiti kilichokuwa karibu, akachomoa ya juu kabisa kwenye furushi, akaidondosha juu ya maji na kuisukuma kwa mguu. Ilipita mara moja tu. Nyuma yake sakafu ikabaki kavu. Uzi wa buluu ulionekana kwenye pembe.

"Kumbe kitambaa kizuri," alisema. "Kinakunywa maji yote."

"Ndiyo, mama," alisema Dobi. "Kinakunywa."

Akainama, akaiokota. Akatoka nayo mlangoni, akaikamua kwa nguvu, akaikung'uta mara moja hewani kama wanavyofanya madobi, akatafuta kamba ya kuanikia ya nyumba ile na kuitandaza pale, pembe kwa pembe. Kisha akarudi kuaga.